Kuondoa grisi ya ghala kwenye bastola kuukuu ya jeshi

Bastola iliyolala ghalani kwa miongo kadhaa hukufikia ikiwa imefunikwa na utando wa kahawia unaonata kama asali iliyoganda. Slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, haivutiki, nyundo inarudi polepole, na alama zilizogongwa kwenye chuma hazisomeki. Watu wengi huchukua tambara, wakasugua nje mpaka chuma king'ae, wakaona kazi imekwisha. Nimesafisha silaha za namna hii kwa muda mrefu, na jambo ninalotaka kulisema ni hili: grisi unayoiona ni usumbufu tu. Ile usiyoiona, iliyojificha kwenye tundu la pini ya kufyatulia na chini ya vifuniko, ndiyo inayoweza kumjeruhi mtu.

Usiichukie grisi yenyewe. Aina inayojulikana zaidi, Cosmoline, ni zao la mafuta ghafi lenye sifa za nta, na ilitumika kulinda silaha na mitambo dhidi ya kutu katika vita na baada ya vita. Ikipakwa huwa laini. Miaka inavyopita, sehemu yake nyepesi hupotea hewani na kinachobaki hugeuka nta ngumu. Majeshi ya nchi nyingine yalikuwa na grisi zao zenye rangi na uzito tofauti, lakini tabia hazitofautiani sana: zinaogopa joto, na zinayeyuka kwenye mafuta mepesi. Ukishalijua hilo, hutahitaji nguvu wala kemikali kali.

Kabla ya kugusa kiyeyusho chochote, hakikisha bastola ni tupu. Toa magazini (kile kisanduku cha risasi), fungua slaidi, tazama chemba, yaani mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kisha ingiza kidole au kijiti uhisi. Kutazama peke yake hakutoshi hapa, kwa sababu grisi nzito inaweza kuziba chemba na kuficha risasi iliyo ndani. Kama slaidi imeganda haifunguki, usiigonge. Elekeza mtutu upande usio na mtu, ipashe joto la wastani kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ilegee, na kidole kikae mbali na kifyatulio muda wote. Risasi zisiwepo kabisa katika chumba unachofanyia kazi.

Kisha ifungue bastola vipande. Kila aina ina njia yake, kwa hiyo tafuta kitabu cha maelekezo cha silaha yako hasa na upige picha kila hatua. Tokarev TT-33, bastola ya Kisovyeti, ni rafiki wa msafishaji: nyundo na springi yake hutoka pamoja kama kipande kimoja, unakiloweka chote. Kama unasafisha bastola mbili, maliza moja kwanza. Silaha nyingi za jeshi zina namba inayofanana kwenye vipande vyake, na kuvichanganya ni kuharibu ulinganifu wa vyuma vilivyozoeana, pamoja na thamani ya silaha yenyewe. Vibao vya mpini, viwe vya mti au vya plastiki ngumu ya zamani, vitoe uviweke kando. Havipaswi kuchemshwa wala kulowekwa.

Sasa joto. Cosmoline huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 45 hadi 52 hivi, yaani chini sana ya maji yanayochemka. Ndiyo maana napenda kuanza na maji ya moto kuliko kuanza na mafuta. Weka vipande vya chuma kwenye sufuria ya zamani ambayo haitarudi tena kupikia chakula, mimina maji yanayochemka, tia sabuni kidogo ya vyombo, uviache vizame. Grisi hujitenga na chuma, hupanda juu na kuelea. Usivitoe kwa kuvipitisha katikati ya utando huo, maana utavipaka upya. Engua kwanza utando wote juu ya maji, ndipo utoe vipande kwa waya au koleo. Rudia kwa maji mapya hadi utando usionekane tena.

Wapo wanaoogopa kwamba kuchemsha kunalegeza chuma. Maji hayapiti nyuzi 100, na ugumu wa chuma cha silaha hauguswi na joto hilo. Rangi nyeusi ya chuma nayo haiharibiki. Kwa kweli mafundi wa bunduki huchemsha chuma chenye kutu nyekundu kwa makusudi ili kutu hiyo igeuke nyeusi, na hivyo ndivyo moja ya njia kongwe za kupaka chuma rangi inavyofanya kazi. Moto wa wazi ndio wa kuepuka. Unachoma grisi badala ya kuiyeyusha, unachafua hewa kwa moshi, na unaweza kweli kulegeza springi. Tanuri la jikoni pia silikubali, kwa sababu mvuke wa grisi hiyo unabaki mahali unapookea chakula.

Kitakachobaki baada ya maji ya moto ni kidogo, na hapo mafuta ya taa yanatosha. Loweka, sugua kwa mswaki wa zamani, tumia vijiti vya pamba kwenye pembe na mifereji. Vaa glavu za mpira, fanyia kazi hiyo nje au penye hewa inayopita, mbali na moto wa aina yoyote.

Usitumie petroli. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeliona likifanywa na watu wazima wenye akili zao. Mafuta ya taa yanahitaji kupata joto la nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto. Mvuke wa petroli hushika hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Beseni la petroli chumbani linasubiri cheche tu, na hakuna linalolifanya ambalo mafuta ya taa hayawezi. Thina kali ya rangi nayo iache: inakula plastiki, na inafuta rangi zilizojazwa kwenye alama, kama lile doa jekundu linaloonyesha kwamba loki ya usalama ya bastola ya Makarov imefunguliwa. Dawa za kusafishia majiko zenye magadi makali ni hatari zaidi kwa fremu za alumini. Walther P1, iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani Magharibi, ina fremu ya alumini, na dawa hizo huila alumini palepale.

Chuma kilichotoka kwenye maji ya moto kinakauka haraka, na kwa kuwa hakina mafuta hata chembe, kutu inaweza kuanza muda mfupi baadaye. Kipulize, kikaushe kwa joto, kisha kipake mafuta mepesi ya silaha kikingali na uvuguvugu. Usiache kipande hata kimoja hadi kesho.

Nirudi kwenye tundu la pini, kwa sababu ndiyo sababu ya mimi kuandika. Pini ya kufyatulia ni chuma chembamba kinachosafiri ndani ya slaidi na kugonga kitako cha risasi. Tundu lake ni jembamba na refu, na likijaa grisi mambo mawili hutokea. La kwanza si baya sana: pini inakwenda polepole, inagonga kwa ulegevu, risasi haiwaki. La pili ndilo baya. Pini inaganda ikiwa imechomoza mbele, na slaidi inapofunga juu ya risasi, risasi inalipuka bila mtu kugusa kifyatulio. Wenye bunduki za SKS wanalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa pini ya nyingi kati yake haina springi ya kuirudisha nyuma. Makarov ni vivyo hivyo: pini yake iko huru, haina springi, na usalama wake unategemea wepesi wa pini hiyo kusogea.

Kwenye Makarov pini hutoka kwa urahisi. Slaidi ikiwa imetolewa, unainua loki ya usalama kupita mahali pake pa kawaida, unaivuta nje, pini inaanguka mkononi. Isafishe, safisha tundu lake kwa kijiti na mafuta ya taa hadi pamba itoke nyeupe, kisha ikaushe kabisa. Hapa usipake mafuta. Tundu la pini linatakiwa kuwa kavu, maana mafuta hukusanya uchafu na siku moja yatafanya kazi ileile ya grisi. Ukisharudisha vyote, fungua loki na utikise slaidi karibu na sikio. Unapaswa kuisikia pini ikigonga huku na huku. Kama kimya, fungua tena.

Kwa bastola ambazo pini yake ina springi, isukume kwa kijiti kutoka nyuma na uone ikirudi mara moja, bila kusita. CZ 52 ina jambo lake la ziada: pini zake za asili zinajulikana kwa kuvunjika, kwa hiyo usijaribu usafi wako kwa kufyatua bila risasi. Humo angalia pia zile rola mbili zinazofunga mtutu, kwa sababu grisi hujibana nyuma yake na haionekani mpaka uzitoe.

Rivolva ya Nagant ya 1895 inahitaji moyo wa subira. Nusu ya grisi iko chini ya bamba la ubavuni. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu sawasawa, na skrubu ikitoka usilichokonoe bamba kwa ncha ya chuma. Gonga fremu taratibu kwa mpini wa mti, bamba litajiinua lenyewe. Ndani kuna springi bapa yenye umbo la V, yenye nguvu sana. Kama huna uzoefu nayo, iache mahali pake, usafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ukaushe kwa hewa.

Magazini nazo husahaulika. Toa kitako chake huku ukiizuia springi kwa kidole gumba, ukivaa miwani. Magazini yenye grisi inapandisha risasi kwa kuchelewa, na watu wanaishia kuilaumu bastola.

Mtutu ni rahisi: pitisha vitambaa vyenye mafuta ya taa, kisha vikavu, ukitokea nyuma kama bastola inaruhusu, na umulike taa utazame mifereji. Usifyatue kamwe wakati mtutu una grisi kwa matumaini kwamba risasi itaisukuma nje. Kizuizi ndani ya mtutu hupandisha shinikizo, na mtutu unaweza kupasuka.

Vibao vya mti viache juani ndani ya mfuko mweusi. Mti utatoa grisi yake polepole juu ya uso, nawe unapangusa tu na kurudia. Unga wa chaki ukipakwa juu husaidia kunyonya. Epuka msasa, maana unaondoa alama na historia pamoja na uchafu.

Maji yenye grisi usiyamwage kwenye sinki. Yakipoa ndani ya bomba yanaganda. Acha sufuria ipoe, kusanya nta iliyoganda juu, ifunge ndani ya karatasi. Mafuta ya taa yaweke kwenye chupa yenye alama yatulie. Ya juu yaliyo safi yatafaa tena.

Ukishaunganisha kila kitu, jaribu kazi zote bila risasi, kwa risasi za bandia kama silaha yako inazihitaji: nyundo ikae inapovutwa, loki izuie kweli, kifyatulio kirudi chenyewe. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha tia risasi moja tu, kisha mbili, ili kama sehemu inayoshikilia nyundo bado ina grisi na bastola ikafyatua mara mbili mfululizo, usiwe na magazini iliyojaa mkononi. Na usishangae ukiona majimaji ya kahawia yakichuruzika pembeni mwa vibao vya mpini. Joto la kufyatua limeyafikia mabaki ambayo maji ya moto hayakuyafikia. Ukirudi, toa vibao na pini tena, pangusa, na safari hii kazi itakuwa fupi.