Kwa nini achomwe sindano ya kuzuia damu kuganda wakati juzi tu alikuwa anavuja?

SWALI: Shikamoo daktari. Shemeji yangu aliungua na petroli karibu asilimia 40 ya mwili. Siku za mwanzo bandeji zilikuwa zinalowa damu hadi akaongezewa damu na plazma. Sasa hivi wiki ya pili nesi anamchoma sindano tumboni kila siku, eti damu isigande. Si ataanza kuvuja tena? Dada anataka wasimchome.

JIBU: Marahaba, poleni sana. Dada asizuie sindano kwanza, anisikilize.

Mtu akiungua eneo kubwa hivyo, mishipa midogo inalegea hata sehemu ambazo moto haukufika, maji ya damu yanatoka nje ya mishipa, mwili unavimba, inabidi apewe dripu lita nyingi, na hizo dripu ndo zinaizimua damu, chembe sahani (zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha) na protini za kugandisha zinabaki chache. Halafu kuna baridi. Ngozi ndo blanketi letu, ikiondoka mtu anapoa, na joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 damu inagoma kuganda vizuri. Ndo maana chumba chake kina joto mpaka manesi wanatoka jasho, tafadhali msifungue dirisha.

Baadae inageuka kabisa. Ini linatoa protini za kugandisha kwa wingi, chembe sahani zinapanda, vizuizi vya asili vya kuganda vimepungua, na mtu amelala tu na mpira kwenye mshipa mkubwa. Bonge la damu linaweza kujitengeneza mguuni likaenda mapafuni likamuua ghafla. Na kibaya ni kwamba dalili yake ni mguu kuvimba, sasa mguu uliovimba tayari na umefungwa bandeji utajuaje?

Hiyo sindano mara nyingi ni heparini, dozi ya kinga. Walioungua sana wengine dozi ya kawaida haiwatoshi, kwa hiyo msishangae ikiongezwa, au ikisimamishwa kidogo kabla ya operesheni. Ulizeni tu chembe sahani zikoje, maana mara chache heparini yenyewe inazishusha.

Mwiteni nesi hapohapo akipumua kwa shida ghafla, kifua kikimchoma, choo kikiwa cheusi kama lami, au bandeji mpya ikilowa damu. Na daktari akishasema anaweza kusimama, mshikeni atembee, hata hatua 5 za kuzunguka kitanda.