Neno lilelile, kazi nyingine: maswali yenu ya Kiingereza

Shikamoo mwalimu. Nimekuta sentensi "They fish at night". Fish si samaki? Imekuwaje kitenzi? (Ujiji)

Marahaba. Kiswahili hubadilisha umbo: vua, mvuvi, uvuvi. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa hivyo. Upendo ni lufu, kupenda ni lufian. Viishio vikamomonyoka, leo yote mawili ni love. Kilichobaki kukuongoza ni nafasi ya neno. Likitanguliwa na the, a au my, tarajia nomino: the fish. Likifuata they, can au to, kwa kawaida ni kitenzi, kama hao wavuvi wa dagaa wanaovua usiku.

Dry ndiyo huwaangusha wengi. The dry season, ni kivumishi. They dry dagaa on the sand, ni kitenzi. Lakini ukitaka kusema "wanaanika samaki" ukaandika They are dry fish, umesema watu hao ni samaki wakavu! Baada ya are, kitenzi kinadai -ing: They are drying fish. Na samaki aliyekwisha kukaushwa ni dried fish.

Record hutamkwa vipi? Kila mtu na lake. (Kasulu)

Nomino, kaza silabi ya kwanza: RE-cord. Kitenzi, kaza ya pili: re-CORD, na ile re inafifia, karibu na "ri". Import, export na permit hufuata njia hiyohiyo. Sisi hukosea kwa sababu mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi ulimi unaupeleka palepale kila mara. Soma kwa sauti: We export coffee, coffee is an export. Ila usiifanye kanuni ya maneno yote. Answer, visit na report hayahamishi mkazo.

Advice au advise? (Tabora mjini)

Yenye c ni nomino, mwisho wake "s". Yenye s ni kitenzi, mwisho wake "z". Usiandike an advice wala advices. Haihesabiki, sema some advice.

Mawese yamepanda treni Kigoma hadi Tabora. Naweza kuandika "We shipped the oil"? (Kigoma)

Unaweza. Ship ikiwa nomino ni meli, lakini kitenzi chake kimepanuka hadi kusafirisha mzigo kwa treni, lori au ndege. Boat haijafika huko: usiseme We boated the oil, hata kama madumu yamevuka ziwa kwa boti.