Vitabu vya Zamani vya Vijana: Majibu kwa Wasomaji

Mwalimu, shikamoo. Marehemu babu ameniachia nakala ya Mashimo ya Mfalme Sulemani. Nitajuaje kama ni chapa ya kwanza? (Tanga)

Marahaba. Jalada liache, fungua nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Kitabu hicho ni tafsiri ya Frederick Johnson ya King Solomon's Mines, riwaya ya Mwingereza Rider Haggard; tafsiri ilitolewa na wachapishaji Longmans mwaka 1929, nayo ilipigwa chapa tena na tena. Ukikuta miaka imepangwa chini ya 1929, ule wa mwisho ndio wa nakala yako. Ikiwa ni ya baadaye, usihuzunike. Tazama kurasa za mwanzo: muhuri wa shule, jina la babu kwa wino, pengine na darasa lake. Wako wauzaji wanaofuta alama hizo ili kitabu kionekane safi, na mimi huumia kila ninapoliona hilo. Usifute chochote.

Nikitafute kitabu gani kwanza? (Mombasa)

Elisi katika Nchi ya Ajabu, Sheldon Press, London, 1940. Alice, msichana wa hadithi ya Kiingereza ya Lewis Carroll, humo ni Elisi, na michoro inamwonyesha kama msichana wa Kiafrika. Kwa macho yangu hakuna kinachokizidi kwa uzuri. Kabla ya kutoa pesa, pekua ukurasa kwa ukurasa, maana watoto hupenda kukata picha.

Wadudu wanatoboa vitabu vyangu. Nipulize dawa? (Unguja)

Hapana, dawa ya kupuliza itaacha madoa. Kitie kitabu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga barabara, kisha kiweke kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka kesho yake, la sivyo umande utatua juu ya karatasi. Rafu isigusane na ukuta wa nje. Na selotepu usiitumie kabisa: gundi yake hugeuka manjano na haitoki.

Mwanangu wa miaka 12 anataka kuyasoma hayo Mashimo. Nimruhusu? (Nairobi)

Mruhusu, ila msome pamoja. Rider Haggard alikitoa kitabu chake mwaka 1885, na Waafrika anawatazama kwa jicho la mkoloni. Kijana akiuliza kwa nini, mjibu papo hapo. Mikono iwe mikavu, kitabu kilazwe mezani, na kisipanuliwe mpaka mgongo ukalia.