Ngome Kongwe na kiti mwendo

Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza kama baba yako ataingia Ngome Kongwe pale Unguja akiwa kwenye kiti mwendo. Ataingia, ila si kila mahali. Ndani ni uwanja wa wazi uliozungukwa na kuta nene ambazo Waomani walizijenga baada ya kuwatoa Wareno 1698. Huo uwanja ndio ngome yenyewe kwa mgeni wa kawaida, na atauona bila kupanda ngazi. Jukwaa la maonyesho lina viti vya ngazi za mawe, kwa hiyo mzee atabaki chini. Hapungukiwi na kitu.

Kwenye majani, magurudumu madogo ya mbele huzama. Mgeuze, umvute kinyumenyume, makubwa yatangulie. Kwenye kizingiti fanya vilevile. Kumsukuma kwa mbele ndiko kunakomwaga watu.

Shida ni vichochoro vya Mji Mkongwe, ni vyembamba. Kodi gari likushushe Forodhani, ngome iko ng'ambo ya barabara tu. Nendeni asubuhi, sisi tuliozoea baridi ya Kilimanjaro joto la kule linatuchosha haraka.

Usafiri? Kama mfuko unaruhusu, pandeni ndege KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Basi hadi Dar halafu boti ni kumchosha mzee bure. Mkilazimika, waambieni wahudumu wa boti mapema, msingoje foleni ianze kusukumana. Na bei ya taksi mpatane kabla hamjapakia kiti.