Mwanangu kaandikwa mtoro, kumbe anaumwa

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la nne, ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Mwezi hauishi hajakosa shule siku tatu nne. Shuleni huwa nasema ni malaria, maana mama mkwe hataki ugonjwa huo utajwe. Anasema kwao haupo, nimekuja nao mimi. Sasa mwalimu wa darasa kamwandika mtoro, na juzi kachapwa. Nimtoe shule mpaka apone? – Mama K., Chamwino*

Marahaba, Mama K. Poleni sana, wewe na kijana.

Apone lini? Sikoseli haipiti kama surua. Kazaliwa nayo, na kwa dawa na kliniki atasoma nayo. Habari ya kumtoa shule ifute.

Kinachomponza ni hiyo malaria yako ya kila mwezi. Malaria gani, Jumatatu mtoto hoi, Alhamisi anacheza mpira? Hata mimi ningetilia shaka. Nenda shuleni mwenyewe, usipige simu. Beba daftari la kliniki na barua ya daktari, uwaone mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa kwa pamoja. Omba mtoto awe na chupa ya maji darasani na aruhusiwe chooni bila maswali, kwa sababu watoto hawa hukojoa sana, na maji yakipungua mwilini maumivu huanza. Asikimbizwe mchakamchaka. Juni na Julai, upepo wetu huu wa Dodoma ukianza, avae sweta mbili hata kama moja si ya sare. Tena wakuahidi kwamba akipata homa au akilalamikia kifua watakupigia saa hiyo hiyo. Homa ya mtoto wa sikoseli ni ya kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo, si ya kumpa panadol na kumlaza.

Kuhusu viboko, kanuni zinasema achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Uliza kwa upole kama vya juzi viliandikwa. Ukijibiwa ovyo, Afisa Elimu Kata yupo.

Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, kwa hiyo mtafute mtoto wa jirani wa darasa lile lile alete madaftari jioni. Maumivu yakitulia anakili kidogo kidogo, hata kitandani. Aanze na hisabati. Ukikosa siku waliyofundishwa sehemu, zile nusu na robo, wiki nzima inayofuata unatoa macho tu.

Sasa mama mkwe. Mtoto haugui sikoseli mpaka arithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata kama wenyewe hamjawahi kuugua. Ila usiende kumweleza wewe, utaambiwa una mdomo. Mumeo ndiye akamwambie mama yake. Na kabla ya mtoto mwingine, mumeo ajue pia kwamba kwenu kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta sikoseli. Akibisha, kliniki ijayo nenda naye, daktari amweleze mwenyewe. Wanaume wengi wabishi nyumbani hunywea wakiona koti jeupe.