Shangazi Anajibu: Mshale wa Katniss

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binti yangu yuko kidato cha pili. Alipeleka flashi yake kwa kijana wa muvi pale Ngamiani, akawekewa The Hunger Games zote nne za Katniss. Tatu za kwanza alizitazama vizuri na wenzake, ila ya mwisho imemkosesha usingizi. Leo usiku wa tatu anakuja kulala kwangu. Ameng'ang'ania swali moja: kwa nini Katniss alimpiga mshale Rais Coin, mkubwa wa waasi wa upande wake, akamwacha Rais Snow, mtawala wa nchi yao aliyewatesa miaka yote? Baba yake anasema muvi inafundisha watoto kuua viongozi, anataka kuifuta. Mimi niliitazama sikuambulia kitu. Nilikuwa kama mtu aliyefika msibani watu wakitoka makaburini. Nifanyeje? – Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwombe mzee asifute kwanza, mwambie Shangazi anamsalimu na anamwomba siku mbili.

Kutoelewa kwako si kosa lako. Kitabu cha mwisho cha Suzanne Collins, kilichotoka 2010, ni kimoja, lakini sinema yake ilikatwa vipande viwili, cha kwanza Novemba 2014, cha pili Novemba 2015. Ndiyo maana unamkuta Katniss shingo imejaa michubuko, sauti haitoki, anahangaika kutamka jina lake tu. Aliyemkaba ni Peeta, kijana anayempenda, ambaye watu wa Capitol, mji mkuu wa Snow, walimtia sumu ya nyigu mpaka akamwona Katniss ndiye adui. Hayo yako kwenye kipande cha nyuma. Mwongozaji mwenyewe, Francis Lawrence, alikuja kusema anajutia kuigawa, na mimi naona ana haki ya kujuta. Vitazame vyote viwili kwa mfululizo, na binti akiwa pembeni.

Sasa huo mshale. Rudisha muvi mpaka kwenye geti la ikulu ya Snow, uangalie mikono ya wale watoto. Parachuti ndogo zinashuka, nao wanainua mikono kuzipokea. Katika michezo ile ambayo Capitol huwaingiza watoto wa wilaya uwanjani wauane mbele ya televisheni, parachuti ni neema, inaleta dawa au chakula, na watoto wameona hivyo kwenye televisheni maisha yao yote. Zinalipuka. Matabibu wanakimbilia majeruhi, na Prim, mdogo wake Katniss, yumo. Ndipo zinalipuka zile zilizobaki. Mtego wa kungoja wenye huruma wafike Katniss alishausikia ukizungumzwa na watu wa upande wake mwenyewe, rafiki yake Gale akiwemo. Baadaye Snow, mfungwa kwenye bustani yake ya waridi, anamwambia kuwa ile haikuwa kazi yake, ilikuwa ya Coin. Na Snow na Katniss walishaahidiana kutodanganyana.

Katniss bado hajaamua. Kinachomwamulia ni kikao. Coin amejitangaza rais wa mpito, uchaguzi utangoja, na anawaita washindi wa michezo ile waliosalia wapige kura: michezo irudiwe mara moja tu, safari hii waingizwe watoto wa Capitol. Hapo ndipo umwite baba yake akae. Snow amekwisha, anakohoa damu, umati utammaliza. Coin ndiye anayeanza. Msichana aliyejitolea kuingia uwanjani badala ya mdogo wake hawezi kuvumilia orodha nyingine ya majina ya watoto, hata kama ni watoto wa adui. Nimemfikiria sana Coin, na sioni muvi hii ikisifu kuua. Katniss mwenyewe hafurahi hata kidogo baada ya hapo.

Ama kuhusu usingizi, nadhani binti yako haogopi mabomu. Muulize kuhusu yule paka. Katniss amerudi kwao, Wilaya ya 12, paka wa Prim anajitokeza, naye anamfokea kuwa Prim hayupo, anamrushia vitu, kisha anakaa chini na kulia kilio ambacho hakukilia siku zote zile.

Mimi mdogo wangu alipofariki sikutoa chozi. Nilipika, nilipokea wageni, nilihesabu sahani za kuazima mpaka hitima ikaisha. Baada ya arobaini nikafagia nyuma ya mlango nikazikuta kandambili zake. Mkanda wa ile ya kushoto ulikatika zamani, akaufunga kwa uzi wa katani, mafundo matatu, kama baba alivyotufundisha, maana baba alikuwa mkata mkonge. Nilikaa pale pale sakafuni na ufagio mkononi mpaka adhuhuri. Kwa hiyo mwulize binti: anamlilia nani? Bibi? Rafiki wa shule? Usimharakishe.

Na usiku akija, chezeni mchezo wa Peeta. Akili ilipomvurugika, wenzake walimfundisha kuuliza: kweli au si kweli? Naye anajibiwa kwa ufupi bila kudanganywa. Binti aulize gizani, wewe ujibu.

SWALI: Shangazi, mbona Plutarch, yule mpangaji wa michezo aliyejiunga na waasi, mwishoni haonekani akizungumza na Katniss, anatuma barua tu? – Msomaji wa Chumbageni

JIBU: Aliyeigiza Plutarch, Philip Seymour Hoffman, alifariki tarehe 2 Februari 2014, akiwa na miaka 46, kazi yake ikiwa imebaki kidogo. Mwongozaji hakutaka kumtengeneza upya kwa kompyuta. Maneno yaliyokuwa yake yakawekwa kwenye barua, na Woody Harrelson, yule Haymitch mshauri wa Katniss, anamsomea Katniss. Tazama uso wa Harrelson anaposoma maneno ya mwenzake aliyekwisha kuzikwa.