Kabla ya kuuliza ghala lilijengwa lini, uliza lilifanya kazi gani

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kukagua maghala ya matofali katika mashamba ya Uingereza, swali linalowatoka kwanza ni "la mwaka gani hili?" Liacheni kidogo. Mwaka utajitokeza ukishajua humo ndani walikuwa wanafanya nini.

Chukua ghala la kupuria ngano. Lina milango miwili mikubwa inayotazamana, na kati yake sakafu ngumu. Majira ya baridi vibarua walisimama hapo wakipiga miganda kwa mipuro, upepo ukipita mlango hadi mlango na kuondoka na makapi. Mara nyingi mlango mmoja ni mfupi, kwa sababu mkokoteni uliingia umejaa na kutokea upande wa pili mtupu. Huko Staffordshire na Cheshire utaona ukutani matundu yaliyopangwa kwa umbo la almasi. Fundi aliruka tofali makusudi ili mazao yapate hewa, basi usiandike "mapambo" ukaishia hapo (ingawa fundi naye, ukitazama, alikuwa anajionyesha). Tundu la peke yake juu kabisa, karibu na ncha ya paa, huwa la bundi. Alikaribishwa kwa ajili ya panya.

Mwaka 1786 Mskoti Andrew Meikle alitengeneza mashine ya kupuria, na taratibu sakafu hizo zikakosa kazi. Vibarua waliona riziki yao ya msimu wa baridi inakwenda. Mwaka 1830, kuanzia Kent, walizivunja mashine hizo. Kwa kuwa sakafu zilikosa kazi, ukikuta mlango mkubwa umezibwa kwa matofali ya rangi nyingine, kagua chini: pete za kufungia ng'ombe na mfereji wa mkojo vitakuambia ghala liligeuzwa zizi.

Sasa sogea ukutani, hesabu kozi, yaani safu za matofali. Ukiona kozi tatu za matofali ya ubavu (upande mrefu ndio unaoonekana) kisha moja ya vichwa (unaonekana upande mfupi), huo ni ujenzi wa kubana matumizi, na shambani umejaa tele. Zunguka upande unaotazama barabara au nyumba ya mwenye shamba. Huko huenda ukakuta kichwa na ubavu vikipishana katika kila kozi, kazi ya gharama zaidi. Piga picha pande zote mbili, maana hapo ndipo unapoona mwenye mali alitaka wapita njia waone nini.

Ukubwa wa tofali husaidia, ila usiuamini sana. Kuanzia 1784 hadi 1850 serikali ilitoza kodi kwa hesabu ya matofali, ndiyo maana baadhi ya watengenezaji waliyafanya makubwa. Lakini wakulima hawakutupa kitu: tofali la ghala lililobomolewa lilirudi kwenye ukuta mpya.

Jambo ambalo sitanii nalo ni saruji. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, ambayo hupitisha unyevu. Mtu akija kuziba viungo kwa saruji, maji hukosa njia, huhamia ndani ya tofali, baridi kali ikija yanaganda na uso wa tofali unabanduka vipande vipande, huku saruji imebaki imesimama kama fremu tupu. Waliofanya kazi Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaijua vizuri kesi ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Andika kila sehemu iliyozibwa hivyo, na usiruhusu ichongwe kwa mashine. Kingo za matofali zitakwenda nayo.

Kisheria, ghala lisilo na jina lake kwenye orodha ya majengo yanayolindwa laweza bado kulindwa. Likiwa ndani ya eneo la nyumba iliyoorodheshwa, na lilikuwepo kabla ya tarehe 1 Julai 1948, kwa kawaida huhesabiwa pamoja nayo. Waulize halmashauri kabla mwenye shamba hajaita mafundi. Na ukiona vinyesi vidogo vyeusi chini ya boriti, vikavu, vinavyosagika kuwa vumbi, simamisha kazi ya paa: huenda ni popo, nao wanalindwa na sheria, na makao yao pia, hata wakiwa hawapo siku hiyo. Atahitajika mtaalamu mwenye leseni, na ratiba yako itasogea.